Kipimo Nyuma ya Jiko

Maneno yenyewe Domitila aliyasikia kwenye mashine ya kusaga, pale Dutwa, akiwa kwenye foleni na debe lake la mahindi. Hakuambiwa yeye. Yalisemwa mbele yake na wanawake wawili ambao hawakugeuka nyuma, na kwa sababu ya kelele za mashine walikuwa wanapaza sauti kama watu wanaogombana. Walisema mvua ya Dutwa inauzwa kwa simu. Kwamba kuna binti anaikinga kwenye chupa yenye mistari, kila asubuhi saa tatu anaihesabu, hesabu anaituma mjini, kisha anayamwaga yaliyobaki chini, kwa sababu yaliyobaki ni maji tu, mvua yenyewe imeshachukuliwa. Ndiyo maana mawingu yanakuja mpaka juu ya vichwa vya watu, yanasimama, halafu yanakata kona kwenda ziwani, kunyeshea wavuvi wa Kalemela ambao wala hawajayaita.

Binti mwenyewe alikuwa Minza, na Minza alikuwa mtoto wake wa pekee.

Domitila alijua ni uongo. Alijua kama anavyojua jina lake. Lakini maneno yale yalimganda kama kishonanguo kwenye pindo la kanga: unatoa kimoja, unaona vingine vitatu. Alirudi nyumbani na unga wake kichwani, na njia nzima alikuwa anajibishana na watu ambao hawapo. Wanaouza mvua wanamuuzia nani? Na huyo mnunuzi anaiweka wapi? Akacheka peke yake. Kisha akakumbuka kwamba ni kweli, kila asubuhi saa tatu mwanawe anahesabu, na ni kweli anatuma, na ni kweli anamwaga. Kicheko kikaisha.

Minza alikuwa amesoma chuo cha kilimo miaka miwili, akarudi nyumbani bila ajira kama wenzake wengi. Baba yake, marehemu Athanasi, alikuwa amewaachia eka saba za pamba na mahindi, ng'ombe wanne wa kulimia na nyumba ya bati. Binti hakutaka kukaa kibarazani akichezea simu. Alisimika bomba la chuma katikati ya uwanja, akalishikilia kwa zege. Juu yake akafunga vikombe vitatu vyeusi vinavyozunguka upepo ukivuma. Chini ya vikombe kulikuwa na kisanduku cheupe cha mbao chenye mapengo ubavuni, kazi ya fundi Danford, na ndani ya kisanduku kipimajoto. Hatua kumi kutoka hapo, juu ya nguzo fupi inayomfikia mtu kiunoni, kilikaa kipimo cha mvua: chupa pana ya plastiki yenye mdomo kama faneli na mistari ya milimita.

Pa kuiweka nguzo ile Minza alipatafuta siku nzima. Alivuta kamba kutoka ukutani, akavuta kutoka kwenye mwarobaini, akavuta kutoka kwenye uzio wa minyaa, akapiga hesabu, akahamisha kigingi, akavuta tena. Mama yake alimtazama kutoka jikoni akaona binti anapima uwanja kama mtu anayetaka kujenga kanisa. Hakuuliza kwa nini iwe pale na si pengine. Mtoto anapofurahia kitu namna ile, mzazi huona aibu kuonyesha kwamba haelewi.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri mno. Mapema Novemba ikanyesha mvua moja, watu wakakimbilia plau. Minza akaandika kwenye kikundi cha simu alichokiita Mvua Dutwa kwamba imepatikana milimita kumi na nne tu, haitoshi, tusubiri. Waliosubiri walipanda mara moja wakavuna. Ambao hawakusubiri walipanda mara mbili. Tangu siku hiyo kikundi kikajaa watu tisini, na wasio na simu za namna hiyo waliulizia kwa jirani. Wakampa Minza jina la Redio. Mtu akipita barabarani na baiskeli alipunguza mwendo, akasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, kisha akamuuliza mama mtu, "Mayu, Redio imeamkaje?" Domitila alijibu huku akijifanya hajali, na moyoni alikuwa anacheza.

Mwaka wa pili mawingu yakawa yanakuja na kuondoka. Novemba ilifika tarehe ishirini, ardhi ingali na nyufa za kupitisha kidole. Mbegu za pamba zilikuwa zimeshagawiwa, kila nyumba na fungu lake, na watu waliziangalia kwenye magunia kama wanaoangalia mgonjwa. Ndipo maneno ya mashineni yalipoanza.

Domitila alikuwa na sababu ya kuyaogopa kuliko mtu mwingine. Alizaliwa Mwandoya, na alipokuwa darasa la tatu shangazi yake Shida alikutwa na kibuyu cha maji ya mvua uvunguni mwa kitanda. Alikuwa ameyaweka kwa ajili ya jicho lililokuwa likimsumbua, alisema yanampoza kuliko ya kisimani. Mwaka ule mvua ilichelewa. Watu wakasema ameifunga. Shida alieleza mara ya kwanza, akaeleza mara ya pili, na Domitila mdogo alisimama mlangoni akaona jinsi kila maelezo yalivyozidi kuwakasirisha. Shangazi aliondoka na godoro na sufuria mbili. Ukoo haukumwona tena mpaka taarifa ya msiba.

Basi katika juma lile lile Minza akaitwa Bariadi mjini, semina ya siku nane juu ya wadudu wa pamba. Alifurahi, alidhani huenda huko kuna mlango wa kazi. Kabla hajaondoka alimshika mama yake mkono akampeleka kwenye kipimo.

"Mayu, saa tatu kamili. Inama, macho yako yawe sawasawa na maji, usisome kwa juu. Ukishasoma nitumie namba, mwaga, rudisha. Usikiguse zaidi ya hapo."

Domitila alimwambia asimfundishe kusoma namba, yeye ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa punje za mahindi. Wakacheka, Minza akaenda.

Asubuhi tatu za kwanza alituma sifuri. Kila alipoinama pale uwanjani alihisi barabara nzima iko mgongoni mwake. Wanawake wa kisimani walikuwa wakisimama, wanatua ndoo, wanatazama mpaka anyanyuke. Mwanamume mmoja aliyekuwa anaswaga ng'ombe aliwazungusha kwa mbali ili wasipite karibu na uzio. Hakuna aliyeuliza Redio imeamkaje. Asubuhi ya nne alikuta kitambaa cheusi kimefungwa kwenye nguzo, mafundo mawili. Alikifungua, akakichoma jikoni.

Veronica, jirani yake wa upande wa mashariki na rafiki yake wa jumuiya ya kanisa, aliona moshi akaja. Alisikiliza yote. Akamwambia asiyatie maanani, watu wana njaa ya mvua, ikinyesha watasahau. Kisha akachezea kuni kwa mguu.

"Lakini mama Minza, ile chupa si ungeiweka hata mahali wasipoiona? Mambo yakitulia unairudisha."

Lilikuwa neno jema, lilisemwa kwa wema, na mchana ule ule Domitila akalifuata. Aling'oa chupa kwenye nguzo, akaipeleka nyuma ya jiko upande wa kuni, akaifunga kwa waya kwenye kigogo kilichosimama nusu hatua kutoka ukingo wa bati. Alihakikisha haiko chini ya bati. Alitazama juu akaona mbingu. Mvua ni mvua, aliwaza, ikinyesha uwanjani itanyesha na nyuma ya jiko. Vikombe na kisanduku aliviacha palepale. Watu waliona nguzo tupu, na kesho yake wanawake wa kisimani hawakusimama.

Siku ya sita, saa kumi jioni, ikanyesha. Ilikuja na upepo kutoka upande wa Bariadi, ikapiga mabati kama mtu anamwaga kokoto, ikakaa kama nusu saa, ikaondoka. Watu walitoka nje wakanyeshewa kwa makusudi. Domitila alisimama mlangoni na kumshukuru Mungu, na zaidi ya pamba, aliyekuwa akimfikiria ni mwanawe: sasa watanyamaza.

Kesho yake saa tatu alizunguka nyuma ya jiko, akainama, macho sawasawa na maji. Arobaini na tatu. Alisoma tena, arobaini na tatu. Alituma ujumbe kwa furaha hata akasahau salamu. Dakika haikupita simu ikaita.

"Mayu, umesoma vizuri? Arobaini na tatu?"

"Nimesoma mara mbili."

"Haya mengi sana. Hapa mjini hata matope hakuna." Domitila alisikia watu wanaongea nyuma ya Minza huko kwenye semina. "Kipimo kiko palepale? Hakijaguswa?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi ndogo, ya pumzi moja. Domitila angeweza kusema nimekihamisha kidogo kwa sababu ya maneno ya watu. Lakini kusema hivyo ilikuwa ni kumwambia mtoto aliyeko ugenini kwamba anaitwa mwizi wa mvua, na kwamba mama yake ameogopa. Isitoshe, alikuwa anakirudisha leo leo.

"Hakijaguswa," alisema.

Saa nne kikundi cha Mvua Dutwa kikapata habari: milimita arobaini na tatu, ardhi ina maji ya kutosha, anayetaka kupanda apande. Kufikia mchana chupa ilikuwa imerudi kwenye nguzo yake ya uwanjani. Mtu wa kwanza kupita barabarani alipunguza baiskeli akasalimia, akasema Redio imesema mambo makubwa. Domitila alijibu kwa kicheko. Roho yake ilitulia kama ya mtu aliyelipa deni.

Dutwa pamba hupandwa kwa zamu. Nyumba nane, tisa, zinaunganisha plau na ng'ombe, leo kwa huyu kesho kwa yule, na aliyepata zamu hupika. Zamu haiahirishwi, ukiikosa unaangukia mwisho wa mstari. Siku ya kwanza ilikuwa kwa mzee Mayala, mtu wa kulalamika, ambaye hata harusi ya mwanawe aliilalamikia. Kabla ya plau kuingia Mayala alichimba kwa jembe kama walivyokuwa wakichimba zamani, akaingiza mkono, akautoa, akasema maji hayajafika hata kwenye kifundo cha mkono. Vijana wakamcheka. Wakamuuliza kama kiganja chake kina mistari ya milimita. Mayala akanung'unika, akatazama ng'ombe waliokwisha kufungwa nira, akatazama sufuria za ugali ambazo mkewe alikuwa amekwisha kuziinjika, akawaambia haya, limeni. Baada ya hapo hakuna aliyechimba tena. Kwa siku tisa walipanda mashamba yote mpaka la Domitila.

Pamba iliota vizuri. Majani mawili mawili, kijani, mistari imenyooka. Kisha jua likakaa.

Minza alirudi akaanza kupima mwenyewe. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Siku ya kumi tangu arudi majani yalianza kujikunja mchana na kufunguka jioni. Siku ya kumi na tano hayakufunguka. Minza alikuwa anatoka shambani na miche mkononi, anaikata katikati kwa kucha, anaitazama. Akapiga simu kwa mwalimu wa kata ya jirani ambaye shule yao ina kipimo, akaambiwa mvua ile kule kwao ilikuwa kumi na moja. Jioni ile alimwambia mama yake kwamba mvua hutofautiana hata kwa kuvuka barabara, kwa hiyo hilo si ajabu, ila ajabu ni kwamba ardhi iliyopata arobaini na tatu imekauka ndani ya siku chache. Alisema kama mtu anayejiuliza mwenyewe. Domitila alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuuchambua hata ulipokwisha kuwa safi.

Bado hakujua alichokosea. Hilo ndilo la kusikitisha: alijua amedanganya, hakujua kama uongo wake una uzito wowote. Alidhani ameficha aibu tu.

Alikuja kujua siku ya ishirini na moja. Kilipita kijimvua cha dakika kumi, cha kulowesha vumbi. Domitila alikuwa nyuma ya jiko anaokoa kuni. Aliona maji yanavyokusanyika juu ya bati lote, yanashuka kwenye makunjo, yanafika ukingoni, na upepo unapovuma hayaanguki wima bali yanaruka nje, nusu hatua. Pale yanapoangukia yalikuwa yamechimba vishimo kwenye udongo, mstari mmoja kama mshono. Kile kigogo kilikuwa katikati ya mstari. Maisha yake yote alikuwa akikinga ndoo kwenye bati lile, na alijua ndoo ya batini hujaa wakati ya uwanjani haijafunika hata kitako. Alijua jambo hilo kama mtu anayejua njia ya kisimani, na hakuwahi kuliweka karibu na ile chupa. Alikaa chini juu ya kuni zilizoloa.

Baadaye alikwenda uwanjani. Minza alikuwa amemaliza kusoma, akamwambia ni mbili tu, mayu, mbili hazisaidii. Domitila alifungua mdomo. Akauliza kama atakula sasa au baadaye.

Siku mbili zilizofuata alikuwa akiamka na maneno mdomoni, akilala nayo. Alijiambia atasema baada ya kumkamua mbuzi, atasema baada ya ibada. Siku ya tatu jambo likamtoka mikononi, kwa sababu baragumu la sungusungu, walinzi wa kijiji, lilipigwa saa nne asubuhi na wote wawili wakaitwa kiwanjani.

Watu walikuwa wengi, wamekaa kwa mafungu, wanaume mbele. Bujiku, kamanda wa sungusungu, alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, mwenye mashamba makubwa kuliko wengi, na pamba yake yote ilikuwa imekufa. Hakutukana. Alimwomba Minza aeleze, na Minza alisimama akaeleza vizuri, kwa Kiswahili cha chuoni na Kisukuma cha nyumbani, kipimo ni nini, milimita ni nini, jinsi alivyotangaza arobaini na tatu kwa nia njema. Mtu mmoja akataja ile kumi na moja ya shule ya jirani. Habari zilikuwa zimefika. Minza akakiri kwamba amezisikia, akasema hata hivyo namba yake ni ya kweli, imesomwa kwenye kipimo kilichowekwa kwa kanuni, anaisimamia.

Bujiku akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea jibu alilolitegemea.

"Mzee Mayala alichimba siku ile, hakukuta maji. Ardhi yetu ilipata kumi na moja kama wenzetu. Wewe mwenyewe unasema zilishuka arobaini na tatu, na unasimamia. Basi tuambie, binti yangu, thelathini na mbili zimekwenda wapi?"

Minza alitafuta jibu, na watu waliona anatafuta.

Domitila alisimama bila kuombwa. Alisema hazikwenda popote, hazikuwepo. Alisema ni yeye aliyekihamisha kipimo, alikificha nyuma ya jiko kwa kuogopa maneno, maji ya bati yakaingia, akatuma namba ya uongo pasipo kujua, akamdanganya mwanawe kwenye simu, akakirudisha. Alisema vishimo vya matone viko pale, waje waone. Alisema yote mfululizo, na alipomaliza alijisikia mwepesi kwa muda mfupi kama wa kupepesa jicho.

Akazitazama nyuso, akaona ni zile zile za Mwandoya.

Mama mmoja nyuma akasema hata yeye angejitwika kosa la mwanawe hivyo. Mwingine akauliza, kama si kitu, ulikificha cha nini? Mzee Mayala akasema anayeficha kitu anakijua. Veronica alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale, na Domitila alimtazama, maana Veronica ndiye aliyemshauri na aliiona nguzo tupu kwa macho yake. Veronica alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Mayu, kaa chini," Bujiku alisema kwa upole. "Mzazi hawezi kuwa shahidi wa mtoto wake. Hata mimi ningesema hivyo."

Wakaamua. Bomba ling'olewe leo. Binti aondoke Dutwa ndani ya siku tatu. Asipoondoka, nyumba inatengwa: hakuna salamu, hakuna moto wa kuomba, hakuna kuchota nao kisima kimoja, hakuna plau, hakuna wa kuja kuzika. Domitila akasema na watutenge. Alisema mara mbili, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena, walikuwa wanatazama vijana wanaokwenda kung'oa bomba.

Nyumbani Minza alikaa kwenye ngazi ya mlango. Uwanjani palibaki shimo na mabonge ya zege. Alimuuliza mama yake kilikuwa wapi hasa, na Domitila akampeleka nyuma ya jiko akamwonyesha kigogo. Minza alichuchumaa, akaweka kidole kwenye kishimo kimoja, kisha cha pili.

"Kwa nini hukuniambia siku ile nilipouliza?"

"Niliona aibu. Niliogopa utaumia."

"Mayu, ungeniambia, ningeandika palepale kwamba namba ina kosa, msipande. Watu walikuwa hawajafunga hata ng'ombe." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. "Na jana? Na juzi? Ungeniambia kabla ya leo, nisingesimama pale kuisimamia."

Domitila alitaka kumshika bega, mkono ukafika nusu ya njia.

Alimpigia mtendaji wa kata, akaambiwa yuko safarini, atakuja Jumatatu. Siku tatu zilikuwa zinaisha Jumapili. Alimsihi mwanawe wasubiri pamoja, watengwe, watavumilia. Minza akamwambia bila maji na bila plau hutafika Machi, nami sitakaa nikuone. Jumapili asubuhi alipanda basi kwenda Bariadi na begi moja na kile kisanduku cheupe, ambacho vijana hawakukivunja kwa sababu waliogopa kukigusa. Chupa waliipasua.

Siku ya nne baada ya hapo mvua ilinyesha. Ilikuwa mvua ya kweli, ya mchana kutwa, mito ikajaa, na Dutwa nzima ikasikika ikishangilia kutoka uwanja hadi uwanja. Domitila alisimama katikati yake akiwa ameloa, akijua sasa hakuna neno lolote, kutoka kinywa chochote, litakalomrudisha binti yake. Walikuwa wameshapata uthibitisho wao. Majirani walianza kumsalimia tena kesho yake, kwa uchangamfu, kama mtu aliyepona ugonjwa. Veronica alimletea mbegu za mtama. Alizipokea.

Minza anapiga simu Jumapili. Anauliza kuku, anauliza mguu wa mama yake, anauliza kama mbuzi amezaa. Kuhusu mvua haulizwi wala haulizi. Amepanga chumba kimoja mjini na anauza kwenye duka la dawa za mifugo la mtu.

Mwaka huu mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye mwanawe amerudi kutoka chuo na chupa yenye mistari, alikuja kwa Domitila kwa njia ya nyuma ili asionekane. Alitaka kujua afanye nini. Domitila alimwambia hajui la kufanya, anayajua ya kutofanya tu. Akachana karatasi ya daftari akamwandikia.

Usikiweke karibu na nyumba, wala mti, wala uzio. Muulize mwanao kwa nini, mpaka uelewe.

Usikihamishe kwa sababu ya maneno ya watu, hata anayekushauri akiwa rafiki.

Ukikihamisha, usitume namba siku hiyo.

Usimwambie mwanao hakijaguswa kama kimeguswa.

Usikisimike bila kuwaita majirani na viongozi wa sungusungu waje washike, wamwagie maji, wasome wenyewe. Usingoje mwaka wa ukame ndipo uwaite.

Usisome peke yako. Soma na mtu asiye wa nyumba yako.

Usipande kwa namba tupu. Chimba, ingiza mkono.

Usicheke ukisikia uvumi juu ya mwanao, na usinyamaze. Mwambie siku hiyo hiyo.

Usingoje kuitwa kiwanjani ndipo useme.